Waliosema Tutaumia: Walipatia Wapi, Walikosea Wapi?

Jamani, kile kipindi chetu cha Brexit kimetuletea ujumbe mwingi kuliko hata kile cha mahari, na hatukutegemea. Nusu yenu mnasema: "Wachumi walituongopea. Walisema mbingu itaanguka, mbona haikuanguka?" Nusu nyingine mnasema: "Si waliwaambia? Angalieni bei za vitu Tesco." Na kuna mzee mmoja ametuma sauti ya dakika nne kutukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nimesoma zote na kusikiliza zote. Nadhani pande zote mbili zina haki, kwa sababu hawazungumzii onyo moja. Mwaka 2016 Waingereza hawakupewa onyo moja. Walipewa maonyo ya aina tatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja, na tangu siku hiyo kila mtu anachomoa lile linalompa ushindi. Hebu tukifungue kifurushi chenyewe.

Onyo la kwanza lilikuwa la kishindo. Tarehe 23 Mei 2016, mwezi mmoja kamili kabla ya kura ya maoni, Hazina ya Uingereza chini ya waziri wake George Osborne ilitoa ripoti iliyosema kwamba kura ya kutoka Umoja wa Ulaya ingeleta mdororo wa uchumi papo hapo. Ndani ya miaka miwili pato la taifa lingekuwa pungufu kwa asilimia 3.6 kuliko kama nchi ingebaki, na watu kama 500,000 wangepoteza ajira. Mambo yakiwa mabaya zaidi, upungufu ungefika asilimia 6 na waliokosa kazi 800,000. Halafu Juni 15, zikiwa zimebaki siku nane tu, Osborne akaongeza: wakitoka, kutakuwa na pengo la pauni bilioni 30, itabidi kuleta bajeti ya dharura, kodi ya mapato ipande na matumizi ya serikali yakatwe. Zaidi ya wabunge 50 wa chama chake mwenyewe walisema hawataipitisha bajeti hiyo.

Ikawaje? Asilimia 51.9 wakapiga kura ya kutoka. Bajeti ya dharura haikuja, na Osborne mwenyewe akaondolewa uwaziri mwezi uliofuata. Mdororo haukuja. Uchumi ulikua kwa karibu asilimia 2 mwaka ule, na ajira badala ya kupotea zikaongezeka, hadi mwaka 2019 ukosefu wa ajira ukashuka kufikia asilimia 3.8, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1974.

Kwa hiyo ndugu zetu wa kundi la kwanza, hapa mna haki kabisa. Utabiri huu ulikosea. Sababu zipo: Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba Agosti 2016 kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25 ili kuutuliza uchumi, watu wa kawaida waliendelea kununua vitu kama jana, na zaidi ya yote, hakuna kilichokuwa kimeondoka. Hazina ilipiga hesabu kana kwamba barua ya kujitoa ingepelekwa Brussels mara moja. Ilipelekwa Machi 29, 2017. Uingereza ilitoka rasmi Januari 31, 2020, na kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha ilibaki hadi mwisho wa mwaka huo. Yaani kwa miaka minne na nusu baada ya kura, lori la nyanya kutoka Hispania lilipita Dover kama kawaida.

Yule mzee wetu wa methali nimjibu kwa heshima: shikamoo mzee, lakini tatizo la Hazina ni kwamba haikusema tu mtavunjika guu. Ilitaja na siku. Siku ikafika, watu wakajitazama magoti, wakajikuta wanatembea. Baada ya hapo nani atamsikiliza daktari yule yule akija kusema mfupa unaoza polepole?

Onyo la pili lilikuwa la pauni, na hili lilitimia usiku ule ule. Kabla matokeo hayajaanza kutangazwa, pauni moja ilikuwa dola 1.50. Kulipokucha ilikuwa imeshuka chini ya dola 1.33, kiwango cha chini kuliko chote tangu 1985. Oktoba ikawa inazunguka kwenye dola 1.22.

Kwa wachambuzi wa televisheni hiyo ilikuwa ni mistari kwenye skrini. Kwa watu wetu ilikuwa foleni ya kutuma pesa nyumbani. Shilingi ya Kenya mwaka ule ilikuwa imetulia, kama 101 kwa dola. Piga hesabu: pauni 100 zilizokuwa zinafika Mombasa kama shilingi 15,000 zikawa 13,400 ndani ya usiku mmoja, na kufikia Oktoba kama 12,300, kabla ya ada. Mama anayesomesha watoto wa dada yake hakuhitaji ripoti ya Hazina. Karo haikushuka, mshahara wake wa London haukupanda, na pengo akalijaza yeye kwa kuongeza zamu. Ndiyo maana nashangaa tukisema "hakuna kilichotokea." Kilitokea, ila kilitua kwenye meza ambazo hazialikwi kwenye mijadala.

Onyo la tatu ndilo lenye maana zaidi na ndilo lililoelezwa vibaya kuliko yote. Aprili 2016 Hazina hiyo hiyo ilisema kwamba kufikia 2030, Uingereza ikiwa nje na mkataba wa biashara kama wa Canada, pato lake lingekuwa pungufu kwa asilimia 6.2 kuliko kama ingebaki. Kisha wakachukua upungufu huo, wakaugawa kwa idadi ya kaya, wakapata pauni 4,300, na hiyo ndiyo ikawa habari kubwa: kila kaya itakuwa pungufu kwa pauni 4,300 kwa mwaka.

Sasa sikilizeni. Mtu anayelipwa pauni 18,000 akisikia hivyo, anaelewa kwamba mtu atakuja kuchukua 4,300 mfukoni mwake. Sivyo. Hata kwa hesabu ya Hazina, uchumi wa 2030 ungekuwa mkubwa kuliko wa 2016. Kilichosemwa ni kwamba ungekua, lakini pungufu ya ambavyo ungekua.

Tuchukue mfano wa kawaida. Mshahara wako leo ni pauni 2,000 kwa mwezi. Kazini kwako mambo yakienda vizuri, baada ya miaka kadhaa utafika 2,500. Meneja anafanya uamuzi wa hovyo, na badala yake unafika 2,400. Umepoteza pauni 100 kila mwezi, lakini hutaziona kamwe. Utakachoona ni kwamba mshahara umepanda. Akija mtu kukuambia umeibiwa, utamwambia aache wivu.

Hasara ya namna hii haina picha. Haina kiwanda kinachofungwa mbele ya kamera. Ofisi huru inayokadiria bajeti ya Uingereza, OBR, imeshikilia kwa miaka kwamba uzalishaji wa nchi utakuwa pungufu kwa asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko kama ingebaki, na kwamba biashara ya nje, kuuza na kununua, itakuwa pungufu kwa asilimia 15. Hayo ni makadirio, si kipimo cha kutumbukiza ndani ya uchumi ukasoma namba. Ili kuyapata lazima ulinganishe Uingereza iliyopo na Uingereza isiyokuwepo, ile iliyobaki. Na katikati ya kulinganisha huko ikaingia Covid mwaka 2020, ikaja vita ya Ukraine mwaka 2022 na bei za gesi zikapaa. Anayetaka kulaumu Brexit kwa kila kitu ana nafasi, na anayetaka kuisafisha kabisa naye ana nafasi.

Lakini si kila kitu ni ukungu. Watafiti wa London School of Economics waliangalia bei za chakula, bidhaa zinazotoka Ulaya zikilinganishwa na nyingine, wakakadiria kwamba makaratasi na ukaguzi mpya vilimgharimu kila mwenye kaya wastani wa pauni 210 katika miaka miwili hadi mwisho wa 2021. Si 4,300. Lakini ni pesa ya kweli, na mwenye kipato kidogo inamuuma zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya kipato chake inaishia kwenye chakula. Upande wa pili, kwa haki, mauzo ya huduma za Uingereza nje, kama fedha, sheria na ushauri, yamekwenda vizuri kuliko wengi walivyohofia.

Nadhani hapa ndipo wazazi wetu wanatofautiana nasi. Wao waliwahi kuona jumuiya ikivunjika kwa macho. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa, ilionekana siku hiyo: shirika la ndege likasambaratika, reli zikagawanywa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia "kuvunjika kwa umoja wa biashara" anatazamia geti lililofungwa. Brexit haikuwa geti. Ni bawaba iliyokaza, na mlango bado unafunguka, ila kila anayepita anasukuma kidogo zaidi.

Na tusiwasahau waliokuwa wanaahidi. Kampeni ya kutoka iliyaita maonyo yote "Project Fear," mradi wa kutia watu hofu, huku basi lao jekundu likizunguka na pauni milioni 350 kwa wiki ambazo eti zingeelekezwa hospitali za umma. Mkuu wa mamlaka ya takwimu, Andrew Dilnot, alisema waziwazi kwamba namba hiyo inapotosha, maana haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inapata. Waliahidi pia idadi ya wahamiaji itadhibitiwa. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, ongezeko halisi la wahamiaji lilipita 900,000, wengi wao kutoka nje ya Ulaya, wakiwemo wahudumu wa wazee kutoka Afrika. Kwa hiyo kama tunawahukumu watabiri, tuwahukumu wote.

Anand Menon, profesa wa King's College London, amesimulia mara nyingi kisa cha mkutano wa hadhara Newcastle kabla ya kura. Alikuwa anaeleza jinsi pato la taifa litakavyoshuka, na mama mmoja akampigia kelele kwamba hilo ni pato lenu, si letu. Wengi walilicheka lile jibu. Mimi naona lilikuwa swali zuri kuliko yote ya kampeni ile. Mtaa ambao haukuwahi kuona pato likipanda, utautishaje kwa kuuambia litashuka?

Nasi tuulizane hilo hilo. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi hapa kihalali waliruhusiwa kupiga kura ile, hata bila paspoti ya Uingereza, kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. Mkongo mwenye paspoti ya Ubelgiji au Ufaransa hakuruhusiwa, hata kama kaishi London miaka 20. Tulikuwa na sauti ambayo majirani zetu hawakuwa nayo. Ni wangapi kwenye familia zenu waliitumia, na walisikiliza onyo lipi kati ya yale matatu?

Nauliza kwa sababu mjadala haujaisha. Kila baada ya miezi michache mtu anafufua hoja ya kurudi kwenye umoja wa forodha, na namba zinaanza kurushwa upya. Zikija, msizitupe na msizimeze. Ziulizeni maswali matatu. La kwanza: lini? Kesho asubuhi, au kidogo kidogo kwa miaka 15? La pili: ikilinganishwa na nini? Na leo, au na kesho ambayo hatutaiona? La tatu: nani hasa atalipa? Kila kaya kwa wastani, au yule mama wa zamu mbili?

Osborne hakujibu hata moja kwa lugha ya watu. Michael Gove, aliyesema kwenye televisheni kwamba watu wamechoshwa na wataalamu wa mashirika yenye majina ya herufi tupu ambao hukosea kila mara, naye hakutaka yaulizwe. Matokeo yake tumebaki na nchi ambamo mtaalamu akisema mvua itanyesha, nusu ya watu wanaacha mwavuli nyumbani makusudi.

Kipindi kijacho tutakuwa na nafasi ya sauti zenu. Tuulizieni nyumbani, hasa wale mjomba na shangazi waliopiga kura ya kutoka na hawajawahi kuulizwa kwa upole kwa nini. Tumeni dakika moja, mzee wetu tumemruhusu nne.