Sanduku la Spana Lijengewe Uchaga

Ndugu wanaushirika,

Naandika habari ya sanduku la spana la karakana yetu. Najua wapo watakaosema katibu kakosa la kuandika wakati tuna mambo ya pamba. Hebu someni kwanza.

Msimu uliopita, mwezi wa pili, funza wa pamba walipoanza kuonekana mashambani, mabomba ya kunyunyizia dawa yalipangwa nje ya karakana kama wagonjwa wanaongoja zamu. Fundi akaikosa spana namba 13. Akatafuta asubuhi nzima. Kufika mchana kijana keshaitwa mwizi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioitikia. Siku tisa baadaye spana ikaonekana mle mle sandukuni, chini kabisa, imelaliwa na jeki, minyororo na gasketi kuukuu, imeshika kutu. Tukamwomba radhi ofisini, watu watano. Lakini mwizi aliitwa sokoni, watu wote wakisikia.

Kosa si lake. Sanduku lina droo tatu na tumelibebesha vitu vya droo kumi. Mweka hazina anataka tununue sanduku la pili. Mimi nakataa. Likiingia la pili, pikipiki zitatengenezwa nje mvuani, na ukuta ulio juu ya sanduku la kwanza utabaki bure vile vile. Kila mama hapa Lamadi hujenga uchaga ili vyombo visilale chini kuku wanapopita. Nasi wa huku ziwani tunakumbuka mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita alama ya 1964: vya sakafuni ndivyo vilivyoharibika kwanza.

Ila tujenge kwa akili. Wapo wanaosema tuchomelee vyuma juu ya sanduku lenyewe. Hapana, bwana. Kwanza kifuniko hakitafunguka. Pili, sanduku lina magurudumu, na droo zikivutwa zote uzito unahamia mbele. Ukiongeza mzigo juu, linamwangukia fundi miguuni. Uchaga ushikwe na ukuta, kwa bolti zilizopenya tofali mpaka upande wa pili, zikazwe kwa nati na washa pana. Msumari kwenye tofali letu la udongo ni wa kutundikia kofia tu. Kimo chake kiwe cha kuruhusu kifuniko kusimama wima bila kugusa, na fundi afikie bila kupanda ndoo. Mbele pagongwe ukingo wa mbao, vidole viwili, vitu visibingirike. Juu viwekwe vyepesi: gasketi, mikebe ya nati, mipira ya mabomba, waya. Jeki, nyundo kubwa na jiliwa vibaki chini. Chupa ya petroli isipande huko kabisa, maana pale pale ndipo cheche za kuchomelea zinaporuka.

Pembeni mwa uchaga pawe na ubao wa kuning'inizia spana. Kila spana ichorwe umbo lake kwa rangi, na namba iandikwe: 10, 13, 17, 19. Ikitoka, umbo tupu linabaki ukutani na kila mtu analiona. Hapo hatuna haja ya kumshuku mtu. Tunauliza tu nani kaazima.

Namba hizo tuziandike sisi wa darasa la jioni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na huku Kanda ya Ziwa watu wakafundishwa kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Kiliitwa kisomo chenye manufaa, yaani herufi ziende kazini. Mimi nimejua kusoma ukubwani, na mpaka leo 6 na 9 hunichezea spana ikigeuzwa, kwa hiyo hizo mbili ziwekewe mstari chini.

Mbao zipo ghalani, zilizobaki tulipotengeneza madawati. Za kununua ni bolti nane na rangi kopo dogo. Naomba kamati ilete jambo hili kwenye mkutano kabla ya mvua za vuli. Na katika mkutano huo kijana wetu asimamishwe mbele, mwenyekiti amsafishe jina lake kwa sauti ile ile iliyotumika sokoni. Mimi nitasimama naye.

Katibu wa Tawi