Difu Haihamishwi kwa Kalamu

Mwandishi aliyeshauri magari ya Probox yanayobeba abiria njia ya Nyamuswa–Bunda yageuzwe, yasukumwe na matairi ya nyuma badala ya ya mbele, amepatia jambo moja: ukishindilia abiria na magunia ya mihogo nyuma, kilimani pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanazunguka bure.

Ila amewahi kulala chini ya gari hilo? Injini imekaa kwa upana, difu imo ndani ya giaboksi. Kugeuza ni kuikalisha injini upya, kutafuta giaboksi nyingine, kukata sakafu propela ipite, kisha kusuka ekseli ya nyuma. Fundi gani wa chini ya mwembe atainyoosha propela isitetemeke?

Anayetaka nyuma pasukume anunue Probox ya matairi yote manne, kiwanda kiliitengeneza. Au (nanong'ona, makondakta wasisikie) ashushe gunia moja.