Kodi ya miezi sita, mshahara wa mwezi mmoja

Kuna hesabu moja ya Dar es Salaam ambayo sikufundishwa na mwalimu yeyote, si sekondari kule Njombe wala Mlimani. Mshahara unalipwa kwa mwezi. Umeme wa LUKU unanunua wa elfu mbili mbili, maji kwa dumu, unga kwa robo, mafuta ya kula kwa kupimiwa. Karibu kila kitu mtu wa kipato kidogo hapa mjini anakinunua kidogo kidogo, kwa sababu ndivyo hela inavyomjia. Isipokuwa chumba. Chumba kinataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine wanataka mwaka mzima.

Vijana wanaomaliza vyuo mikoani wakinipigia kuulizia maisha ya Dar, wote wana swali lilelile: kaka, mshahara wa kiasi gani unatosha? Nawaambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku unashuka kwenye basi pale Mbezi, una shilingi ngapi mfukoni?

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua chumba kimoja cha kawaida maeneo ya Tabata au Kimara, choo ndani, marumaru za bei nafuu chini. Tuseme mwenye nyumba anataka laki moja kwa mwezi. Wapo wanaotaka zaidi, na ukikubali choo cha kuchangia uani unaweza kupata kwa nusu ya hapo. Nimechukua laki ili hesabu iwe nyepesi. Miezi sita ni laki sita. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, laki nyingine. Na kabla ya hapo ameshakula hela yako ya kukuzungusha, elfu kumi leo, elfu kumi kesho, hata kama kati ya vyumba vitatu alivyokuonyesha kimoja kina mtu ndani na kingine kinavuja. Laki saba na ushee zimeondoka na hujanunua godoro. Huna ndoo, huna jiko. Huna pazia, na Dar bila pazia ujue unaishi na majirani wote.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mei Mosi 2025, kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Ilikuwa habari kubwa na ilistahili kuwa kubwa. Lakini mtumishi huyo akiiweka laki tano yake yote mezani, kabla ya makato, bila kula wala kupanda daladala, bado hajafikisha kodi ya chumba kile. Na ngazi ya mshahara serikalini haijui mkoa. Mwalimu aliyepangiwa Mpanda na mwenzake aliyepangiwa Mbagala, kama wana elimu ileile na wameanza siku moja, wanapokea sawasawa.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema tatizo la Dar ni kwamba kodi ni kubwa, basi. Laki moja kwa mwezi, mtu wa laki tano ataimudu. Itamuuma, lakini ataimudu. Asichoweza ni kukopesha. Maana ukiitazama vizuri, hela ya mwezi wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, ni hela ya siku ambazo hujalala bado. Umemkopesha mwenye nyumba. Hakupi riba wala dhamana, na paa likianza kuvuja mwezi wa tatu huna cha kumshikia, hela yote anayo yeye.

Na wewe hiyo hela uliipata wapi? Wenye bahati wana wazazi waliouza mahindi, au miti kama ni watu wa kwetu. Wengine wamekwenda kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, unachukua leo, kesho unaanza kurejesha, na riba yake hutaki hata kuijumlisha. Kwa hiyo yule asiye na kitu anakopa kwa riba ili amkopeshe mwenye nyumba bila riba. Kuna benki gani ingekubali biashara hii?

Tusimgeuze mwenye nyumba kuwa shetani, maana hapo ndipo mjadala huu hupotea njia. Niliwahi kukaa barazani na mama mmoja kule Segerea, ana vyumba sita. Nilikwenda kama mwandishi, nikatoka kama mtoto aliyefundwa. Hajawahi kukopa benki maishani. Chumba cha kwanza alikijenga kwa hela ya genge, cha pili kwa kodi ya cha kwanza, cha tatu kwa kodi ya hivyo viwili, na hivyo hivyo mpaka sita. Aliniambia kuwa akipokea laki laki kila mwezi itaishia sokoni, lakini laki sita kwa pamoja ni bati, ni saruji, ni ada za Januari. Akanisimulia pia mpangaji aliyekaa miezi minne bila kulipa, kisha akahama usiku na kuondoka hadi na balbu. Kumpeleka kwenye sheria ingemgharimu muda na nauli kuliko ile kodi yenyewe.

Nilimuelewa. Yule mama hana benki, ndiyo maana anamfanya mpangaji kuwa benki yake. Ila kumuelewa hakunizuii kuona kwamba mzigo wake ameutua kwenye bega la mtu mwenye uwezo mdogo kuliko yeye.

Zamani serikali ilijiona inahusika na jambo hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Mwaka 1971 yakataifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000. Tukawa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Sililii kila kitu cha enzi hizo. Waulizeni wazee walivyohangaika kutafuta nyumba ya Msajili bila kumjua mtu. Lakini tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa wamalizane wenyewe, na katika kumalizana wenyewe mwenye ufunguo ndiye anayeshinda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi. Hawakulala kwenye nyumba za shirika hao. Wengi wamelala kwenye vyumba vya akina mama wa Segerea.

Mtu ataniambia, si uhamie mbali, Chanika au Bunju, kodi ni ndogo? Nimelisikia sana hili, hasa kutoka kwa watu wenye magari. Mimi kazi yangu inaisha gazeti likienda mtamboni. Kuna siku ni saa tatu usiku, kuna siku ni saa tano. Saa hizo daladala za mbali zimepungua, inabaki bodaboda, na bodaboda ya usiku kwenda mbali inakula kile ulichookoa kwenye kodi ndani ya wiki moja. Tena hapo sijahesabu hatari yenyewe. Asubuhi unaamka saa kumi ili uwahi. Watu wa Dar wameshalijua hili siku nyingi, na dalali wa Kimara leo anakutajia umbali wa kituo cha mwendokasi kabla ya kukutajia choo kiko wapi.

Hapa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo linahusu kazi yangu.

Kwenye vyumba vya habari wengi wetu vijana ni waandishi wa kujitegemea, maana yake tunalipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka hukulipwa, na hata ikitoka malipo yanaweza kuchelewa mwezi, miezi miwili. Mtu wa namna hiyo anaweza kujibana akala wali maharage mwezi mzima. Lakini laki sita haijibanwi. Siku mkataba wa chumba unapokaribia kuisha anakuwa mtu mwingine. Nina wenzangu ambao ukitaka kujua kodi yao inaisha lini, angalia ni mwezi gani wanaanza kupenda warsha za hotelini. Kuna bahasha kule. Mwenye bahasha hahitaji kukwambia uandike nini, wote mnajua.

Simtetei mpokea bahasha. Nasema tu kwamba mtu anayedaiwa kwa mkupuo ananunulika kwa mkupuo, na halihusu waandishi peke yao. Kuna karani mwenye faili lako, kuna muuguzi wa zamu, kuna askari wa barabarani. Hao nao wamepanga, nao wana tarehe.

Kwa dada zetu ni mbaya zaidi. Mwenzangu mmoja, mwandishi hodari kuliko mimi, alipofikiwa na tarehe yake alijitokeza mheshimiwa mmoja wa kumlipia kodi ya mwaka mzima. Hakuomba kitu siku hiyo. Dada alikataa, akarudi kubanana na shangazi yake Mbagala, saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi. Niliwasikia watu wakimcheka kwamba kachezea bahati.

Eti haiwezekani kulipa kwa mwezi? Nairobi wanalipa kwa mwezi. Pale kwa kawaida unaingia na kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja au miwili, kisha kila mwanzo wa mwezi unatuma. Kodi za Nairobi zinatisha, wala sisemi maisha ya kule ni rahisi, lakini kijana anaingia chumbani bila kuuza shamba la baba. Na mwenye nyumba naye ana ile amana ya kumlinda na wale wa kuhama na balbu. Zamani ungesema kukusanya hela kila mwezi ni usumbufu. Leo yule mama wa Segerea anapokea michango ya kikoba chake kwa simu.

Wapo wanaodai sheria tu itoke, izuie kodi ya zaidi ya mwezi mmoja. Ghana ina sheria tangu mwaka 1963 inayomkataza mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi sita, na bado wapangaji wa Accra wanadaiwa mwaka mmoja, miwili. Anayetafuta chumba hana ubavu wa kumshitaki anayempa chumba. Kwa hiyo mimi sheria naitaka, ila siisubiri.

Ningeanza na waajiri. Unapomuajiri kijana kutoka Songea au Kigoma ukamwambia aripoti Dar Jumatatu, unajua kabisa atahitaji laki saba kabla ya mshahara wa kwanza. Mpe hiyo hela kama mkopo usio na riba, umkate kidogo kidogo kwa mwaka. Kampuni inayoweza kumnunulia meneja gari inaweza kufanya hivi. Na ninyi wakubwa zangu wa magazeti, kabla hatujaandika tahariri nyingine ya kuwasema wenye nyumba, tulipe kwanza waandishi waliotuletea habari za mwezi uliopita.

Jambo moja bado linanisumbua, nami naliweka kwenu. Kama wewe ni mwenye nyumba na unapokea kodi kwa mwezi (najua mpo, ingawa wachache), niandikie hapo chini. Mpangaji akichelewa wiki mbili unafanyaje? Akichelewa miezi miwili je? Usiniandikie jinsi inavyopaswa kuwa, niandikie ulivyofanya. Nitampelekea mama wa Segerea majibu yenu.