Kagua Kwanza, Ndipo Utie Saini



Fedha za karafuu hazipatikani kila siku, wala mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Basi mwenzetu akijaaliwa kununua motokaa mpya, haifai aipokee kwa haraka ati kwa kuwa inang'aa.

Wako wasemao kuwa kukagua mbele ya muuzaji ni kumvunjia heshima. Mimi sioni hivyo. Karafuu zetu hutazamwa ukavu na usafi, zikapimwa kwa mizani, ndipo tulipwe. Wala hatuoni kuwa tumetukanwa.

Nenda mchana, kwani usiku huficha mikwaruzo na rangi iliyopakwa upya. Linganisha namba za chasisi na injini na zile za kwenye karatasi. Soma tarakimu 4 za tarehe ubavuni mwa tairi: 1824 maana yake limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2024. Motokaa iliyokaa sana uani hujulikana hapo. Tazama oili, maji, betri, tairi la akiba na jeki. Washa taa zote, kisha iendeshe ujaribu breki.

Mkulima wa Titye, huko Kasulu, yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Sisi tumetengwa nayo na bahari. Kwetu sote, kurudisha motokaa yenye kasoro ni gharama juu ya gharama. Basi kasoro ikionekana, iandikwe, na muuzaji aitie saini kwanza. Yako ikitangulia, utabaki kulalamika.