Mwacheni Aandike kwa Mkono Wake

Toleo hili linahusu mkono na ubongo, nami nalifungua kwa jambo linalotuhusu sisi wa Kiganjo, Thika, na Wakenya kwa jumla. Mtoto wa chekechea anashika penseli kwa mkono wa kushoto. Mtu mzima anaihamishia kulia, akiamini anamfunza adabu. Nasema aachwe.

Mkono wa kushoto huongozwa na nusu ya kulia ya ubongo, na wa kulia na nusu ya kushoto. Nusu hizo zimeunganishwa na daraja la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Roger Sperry, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja hilo ili kupunguziwa degedege. Kitu kilichoonwa na nusu ya kulia pekee hawakuweza kukitaja, ilhali mkono wao wa kushoto ulikichagua bila kukosea. Daraja likiwa zima, habari huvuka papo hapo. Kwa hiyo si kweli kwamba wenye shoto hufikiri kwa nusu moja tu. Kwa takriban 7 kati ya 10 wao, lugha hutawaliwa na nusu ya kushoto, kama ilivyo kwa wengi wetu.

Je, aliyelazimishwa? Mwaka 2002 Hartwig Siebner na wenzake walipima ubongo wa watu wazima waliobadilishwa mkono utotoni. Waliandika kwa mkono wa kulia, lakini nusu yao ya kulia ya ubongo bado ilishughulika zaidi kuliko ya mtu aliyezaliwa wa kulia. Mazoezi ya miaka mingi hayakuufuta ushoto.

Nitaambiwa ni mila. Mila ipi? Kwa majirani zetu Wameru, hasa Waimenti, nguvu za Mugwe, kiongozi wao wa dini, zilikuwa katika mkono wake wa kushoto, naye aliufunika usionekane ovyo. Bernardo Bernardi aliandika habari zake mwaka 1959. Kula na kusalimia kwa mkono wa kulia ni heshima, na mtoto afunzwe hivyo. Penseli haimo katika heshima hiyo.

Mwalimu, mkalishe mwenye shoto upande wa kushoto wa dawati, viwiko visigongane, na umruhusu kulaza daftari likiinamia kulia. Mzazi, usimchape, wala usiufunge mkono wake.