Kungwi, Ongeza Somo Moja: Kiu ya Mtoto

Baadhi yenu mna ndugu Newala na Masasi, na wengine mmeolewa huko. Leo tunazungumza na bibi harusi na kungwi wake pamoja.

Juu ya uwanda wa Makonde maji ni mali. Chemchemi ziko chini mabondeni, na kwa miaka mingi mwanamke wa Newala ameteremka na ndoo tupu, akapanda nayo imejaa kichwani. Katika nyumba ya namna hiyo, mtoto anayekunywa kata baada ya kata, kisha usiku akalowesha kitanda, huonekana mtundu. Hugombezwa, pengine huchapwa.

Sisi tunasema: kabla ya kumgombeza, mpelekeni akapimwe sukari.

Kisukari cha aina ya kwanza humpata hata mtoto mdogo, wala hakiletwi na pipi. Kinga ya mwili wake mwenyewe huharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Sukari hujaa kwenye damu, figo huitoa kwa mkojo pamoja na maji mengi, na ndiyo maana kiu haiishi. Anakula lakini anakonda. Asipotibiwa damu hujaa tindikali: anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, mwisho anapoteza fahamu. Anayemwona hivyo husema ni malaria au nimonia, mwingine husema mtoto kachezewa. Siku zinapita, naye hana siku za kupoteza.

Haya si maneno yetu tu. Dk. Edna Majaliwa, bingwa wa maradhi ya homoni za watoto, mwaka 2007 alichapisha na wenzake katika jarida la Diabetes Care utafiti juu ya watoto na vijana wenye kisukari wanaotibiwa Muhimbili. Walikuta sukari ya wengi haijadhibitiwa, na wengine tayari wana madhara ya macho na figo. Hao ndio waliofika hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Aliye Newala yuko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, na asiyetambuliwa hahesabiwi popote.

Mabingwa kama yeye ni wachache. Wa kwanza kuona kiu ya mtoto ni mama, na wa kwanza kumfunza mama ni kungwi. Katika unyago na katika siku za harusi tunafunzwa usafi, hedhi, mapishi, heshima kwa mume na wakwe. Yote mema. Basi liongezwe hili: kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kukonda, kuchoka. Mtoto akiwa na dalili hizo, mama asingoje wiki ipite. Aende hospitali siku hiyo hiyo na aombe kipimo cha tone la damu kidoleni. Majibu hutoka hapo hapo.

Wapo watakaosema mambo ya hospitali si ya kungwi. Sisi hatukubali. Bibi harusi husahau karatasi iliyobandikwa ukutani, lakini neno la somo wake hukaa naye mpaka uzeeni.

Dua tusiiache, ila isishike nafasi ya insulini. Kabla ya mwaka 1922, mtu wa kwanza alipodungwa dawa hii, mtoto mwenye maradhi haya hakuishi muda mrefu. Mpaka leo akikatishiwa sindano hali inaweza kuwa mbaya ndani ya siku chache. Kutafuta tiba hakupunguzi kumtegemea Mwenyezi Mungu. Nyumba isiyo na friji inaweza kuhifadhi insulini kwenye chungu cha udongo kilichoroweshwa maji, kikawekwa kivulini.

Na binti akishaokolewa atakua, ataposwa. Hapo tusimfiche. Tunasikia familia zinazoficha sindano mpaka ndoa ifungwe, na mwari anajidunga chooni kwa hofu ya mawifi. Mume ajue mapema, kwa sababu mwanamke mwenye kisukari anaweza kuzaa salama, lakini sukari yake inatakiwa iwe imetulia kabla hajashika mimba. Hilo halipangwi kwa siri.

Makungwi wa Newala, wa Masasi na wa hapa visiwani, msimu wa harusi ukifika, tunawaomba mlitie somo hili katika mafunzo yenu.