DEREVA WA LORI KATIKA BARABARA YA 80: MAJIMBO KUMI NA MOJA, SIKU TANO

Katika nyumba ya askari neno "safari" halihitaji kuelezwa. Mume aagizwa leo, kesho alfajiri hayupo. Mke abaki na watoto, akihesabu siku na kusikiliza mlango. Lakini askari si peke yake mwenye maisha ya namna hiyo. Dereva wa lori la safari ndefu naye hulala mbali na nyumba yake, na watu wake nao huishi kwa kuhesabu siku.

Watu wengi wa Uganda wameyaona malori yakijipanga Malaba, yakitoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala. Safari hiyo ni ya kilomita 1,170 hivi. Huko Marekani iko barabara moja ambayo urefu wake ni kama mara nne ya safari hiyo, nayo ni Barabara ya 80. Yaanzia San Francisco, katika pwani ya magharibi, yaishia Teaneck katika jimbo la New Jersey, karibu na jiji la New York. Ni mwendo wa maili 2,900, yaani karibu kilomita 4,670, na katika mwendo huo dereva hupita majimbo kumi na moja: California, Nevada, Utah, Wyoming, Nebraska, Iowa, Illinois, Indiana, Ohio, Pennsylvania na New Jersey.

ASILI YAKE NI MSAFARA WA JESHI

Asili ya barabara hiyo ina uhusiano na jeshi. Tarehe 7 Julai, 1919, msafara wa magari 81 ya Jeshi la Marekani, pamoja na pikipiki zake, uliondoka Washington kwenda San Francisco, ili kujaribu kama majeshi yangeweza kuvuka nchi nzima kwa magari. Madaraja yalivunjika chini ya uzito wa malori, na magari yakazama katika matope na mchanga. Msafara ulifika tarehe 6 Septemba, baada ya siku 62. Miongoni mwa maofisa waliokuwamo alikuwako luteni kanali kijana, jina lake Dwight Eisenhower.

Kijana huyo hakuyasahau matope yale. Baadaye aliziona barabara pana za Ujerumani wakati wa vita, na alipokuwa Rais alitia sahihi, tarehe 29 Juni, 1956, sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo yote. Barabara zinazotoka magharibi kwenda mashariki zilipewa namba shufwa, na zile za kaskazini na kusini zikapewa namba witiri. Leo dereva mmoja huvuka kwa siku tano nchi ile ile iliyowachukua askari miezi miwili.

SAA ZA DEREVA SI ZAKE

Jambo la kwanza linalomngoja dereva ni sheria ya saa. Hana ruhusa ya kushika usukani kwa zaidi ya saa 11, na saa hizo ni lazima zitimie ndani ya muda wa saa 14 tangu alipoanza kazi. Akiisha kuendesha saa nane, yampasa kupumzika nusu saa. Baada ya hapo ni mapumziko ya saa 10 mfululizo, ndipo aweze kuanza upya. Kadhalika, hesabu ya kazi yake kwa siku nane haiwezi kupita saa 70.

Zamani saa hizo ziliandikwa kwa kalamu katika daftari, na wenye haraka waliweza kuandika uongo. Tangu mwezi wa Desemba, 2017, malori mengi ya safari ndefu yamelazimika kuwa na chombo cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, nacho huandika chenyewe kila lori linapotembea. Barabara ya 80 hupita katika majira manne ya saa. Lakini daftari la dereva hufuata saa za kituo chake cha nyumbani.

Askari wa barabara kuu wana haki ya kulisimamisha lori, kukagua hesabu hiyo, kutazama breki, tairi na taa, na kumzuia dereva aliyepitisha saa zake asiendelee mpaka apumzike. Pia iko mizani. Lori na mzigo wake havitakiwi kupita ratili 80,000, yaani tani 36 hivi, na kila mhimili una kiasi chake. Kati ya jimbo na jimbo hakuna forodha, ila kodi ya mafuta huhesabiwa kwa kadiri lori lilivyotembea katika kila jimbo.

Jambo moja huwashangaza madereva wa kwetu: dereva wa huko aghalabu hana utingo. Hakuna wa kumwamsha, wala wa kumtazamia gurudumu la nyuma anaporudi kinyumenyume. Yuko peke yake, na kitanda chake kiko nyuma ya kiti.

MILIMA, CHUMVI NA JANGWA

Atokapo pwani, kazi ya kwanza ni kupanda milima ya Sierra Nevada hadi kilele cha Donner, kilicho juu ya mita 2,200. Jina hilo latokana na kundi la wahamiaji walionaswa na theluji mahali hapo katika majira ya baridi ya 1846 na 1847. Karibu nusu yao walikufa. Hata leo theluji ya hapo haina mzaha. Katika majira ya baridi madereva wa malori hutakiwa kuchukua minyororo, na tangazo likitolewa, hakuna lori lipitalo kabla minyororo haijafungwa katika magurudumu. Wako watu wenye kibali ambao husimama kando ya barabara wakiifunga kwa malipo. Lakini dereva mwenye busara hujifunza kuifunga mwenyewe, kabla vidole havijafa ganzi.

Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya akili. Dereva hutia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, akaiacha injini ilizuie lori, na breki akazigusa kwa kiasi. Anayezikanyaga bila kuachia huzichoma, na breki iliyoungua haishiki. Kwa ajili hiyo, penye miteremko mikali katika barabara za Marekani hujengwa njia za kando zilizojazwa kokoto nyingi, ili lori lililoshindwa kusimama liingie humo na kuzama.

Baada ya milima ni jangwa la Nevada, kilomita zaidi ya 600, ambako miji ni michache na iko mbalimbali. Hapo kanuni ni moja: mafuta, maji na chakula huchukuliwa kabla ya kuhitajika. Mpakani mwa Utah yaanza mbuga nyeupe ya chumvi ya Bonneville, tambarare kama meza, na barabara hunyooka mpaka macho yanachoka.

WYOMING, MAHALI PA KUNGOJA

Lakini ukiwauliza madereva ni wapi wanapopahofia zaidi, wengi watataja Wyoming. Hapo barabara hufikia kimo chake cha juu kabisa, mita 2,633, kati ya miji ya Laramie na Cheyenne. Magharibi ya Laramie, karibu na mlima Elk, kuna kisa kinachofaa kusimuliwa.

Barabara ya zamani, na reli iliyojengwa kabla yake, zilizunguka kupitia kaskazini. Wahandisi wa barabara mpya walitaka njia fupi zaidi, nao wakaichora karibu na mlima. Wafugaji wa hapo waliwaonya kwamba upepo na theluji ya mahali pale havizoeleki. Hawakusikilizwa. Sehemu hiyo ilifunguliwa tarehe 3 Oktoba, 1970, na majira yale yale ya kwanza ya baridi yakathibitisha maneno ya wafugaji: upepo uliibeba theluji kutoka mbugani na kuifukia barabara, na mbele hapakuonekana kitu. Tangu 1971 serikali ilianza kujenga nyua ndefu za mbao ili kuizuia theluji kabla haijafika barabarani. Nyua hizo zimesaidia mno, lakini upepo haujapata kufungwa.

Ndiyo sababu miji ya Wyoming ina milango ya chuma inayoweza kuifunga barabara kuu, kama mtu afungavyo lango la boma. Hali ikiwa mbaya, milango hufungwa, na malori kwa mamia hujaa katika Rawlins, Laramie na Cheyenne. Siku nyingine barabara haifungwi kwa wote, bali malori matupu au yenye mzigo mwepesi huzuiwa, kwa kuwa ubavu wa tela tupu ni kama tanga, na upepo ukilipiga hulilaza chini. Dereva aweza kungoja saa sita, aweza kungoja siku mbili. Mwenye pupa hutafuta upenyo. Na magari ya kuvuta yajua namna ya kuwapata wenye pupa.

USINGIZI WA NJIA NYOOFU

Akivuka Wyoming, dereva huona raha. Nebraska ni nchi ya mahindi na ng'ombe, na barabara hufuata bonde la mto Platte. Kati ya Grand Island na Lincoln iko sehemu ya zaidi ya kilomita 100 ambayo karibu haina kona. Hapo adui hana upepo wala theluji. Adui ni usingizi. Mlima humwamsha dereva kwa hofu, lakini njia nyoofu humbembeleza kama mama abembelezavyo mtoto. Dalili zake zajulikana: macho kuwasha, kichwa kuinama ghafla, kutokumbuka kibao kilichopitwa. Kahawa na redio huahirisha tu. Dawa ya usingizi ni kulala.

Katika Iowa, penye mji wa Walcott, kiko kituo kilichofunguliwa mwaka 1964 ambacho hujiita kituo kikubwa cha malori kuliko vyote duniani. Kina nafasi 900 hivi za malori, mabafu, kinyozi, daktari wa meno, hata sinema. Dereva anayefika hapo mapema hupata nafasi, huoga, na hulala salama.

Shida ni kwamba vituo kama hicho si vingi, na kadiri mtu anavyokwenda mashariki, miji huzidi kukaribiana na nafasi kupungua. Katika Indiana na Ohio sehemu kubwa ya barabara ni ya kulipia, na katika Pennsylvania na New Jersey jioni malori hujaa vituoni mapema. Hapo sheria humwambia dereva, "Simama, saa zako zimekwisha". Lakini haimwonyeshi mahali pa kusimama.

Jambo hilo limewahi kuuza roho ya mtu. Mwezi wa Machi, 2009, dereva mmoja aliyekuwa na mzigo wa maziwa alikaribia mwisho wa safari yake katika jimbo la South Carolina, mbali na Barabara ya 80. Muda wa kupokewa mzigo wake haukuwa umefika, na hakuwa na mahali salama pa kungoja. Akaegesha katika kituo cha mafuta kilichokwisha kuachwa. Usiku huo aliuawa kwa risasi, akaibiwa dola 7. Mke wake alikuwa mjamzito wa mapacha. Mama huyo hakukubali kulia tu: alipeleka kilio chake kwa wabunge mpaka, mwaka 2012, ikapitishwa sheria ya kusaidia ujenzi wa maegesho ya malori, nayo yaitwa Sheria ya Jason, kwa jina la mume wake.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Hapa ndipo safari ya dereva inapoingia ndani ya nyumba. Madereva wengi wa safari ndefu wa huko hulipwa kwa maili. Gurudumu likizunguka, fedha huingia. Gurudumu likisimama kwa theluji, kwa upepo au kwa foleni ya kupakua, mara nyingi fedha nayo husimama. Kwa hiyo dereva huvutwa huku na huku: sheria yamwambia apumzike, mfuko wamwambia aende.

Nyumba yake yaweza kuongeza uzito upande mmoja au mwingine. Mke anayepiga simu na kuuliza, "Mbona hujafika?" huongeza uzito upande wa pupa, hata kama amesema kwa mapenzi. Mke anayeuliza, "Umelala? Umekula?" huweka uzito upande wa uhai. Hali kadhalika, nyumba inayopanga matumizi yake kana kwamba kila safari itamalizika siku ya tano haijaacha nafasi ya Wyoming. Afadhali hesabu ya siku saba, na akiba ndogo kwa ajili ya siku za kungoja.

Na ahadi kwa watoto zisifungwe na tarehe. Mtoto aliyeambiwa, "Baba yuaja Jumamosi," humfanya baba akimbize lori siku ya Ijumaa usiku. Aambiwe, "Baba yuko njiani, na barabara ikifunguliwa atakuja." Watoto wa kambini wameyazoea maneno kama hayo, nao hukua bila kuvunjika moyo.

Msafara wa 1919 ulipofika San Francisco siku ya 62, ulikuwa umechelewa, lakini ulikuwa umefika. Dereva wa Barabara ya 80 hupita leo mahali pale pale, juu ya lami. Mlangoni kwake hakuna atakayemwuliza alitumia siku ngapi.